Nyumba Mia na Kumi na Nne, Manivela Moja

Injinia Masika aliniomba ripoti ya kurasa mbili kabla sijaondoka kazini: hali ya turbini, hali ya mfereji, vipuri vilivyobaki. Nimeiandika. Turbini imezeeka na bado inazunguka, mfereji unavuja pale penye mwamba kama ulivyovuja siku ya kwanza, na vipuri vimo ndani ya sanduku la bluu, isipokuwa vile nilivyoazima na kusahau kurudisha. Hayo yote yalijaa nusu ukurasa. Karatasi iliyobaki naitumia kuwaambia ninyi mnaobaki jambo moja lisiloingia kwenye ripoti, hata kama injinia atakunja uso.

Kazi niliianzia Beni, kwenye kiwanda kimoja cha kahawa, chini ya Mzee Kakule. Alikuwa fundi wa mashine zote pale, Mprotestanti wa kuimba akiwa kazini, na hakupenda maneno mengi. Siku ya kwanza alinipa bisibisi ndefu, akaniambia niweke ncha yake juu ya beringi ya mota na mpini wake sikioni.

"Unasikia nini?"

"Kelele, Mzee."

"Rudi kesho."

Nilirudi kesho, na kesho kutwa. Siku ya nne nilisikia, ndani ya ile kelele, kitu kidogo kinachokwaruza kama mchanga kwenye meno. Nilipomwambia, alicheka mpaka akakohoa. Ndipo akaniruhusu kupaka grisi. Mpaka leo sijafundishwa somo lingine la maana kuliko hilo: kusikia kwanza, kushika baadaye. Ninyi mna vipimo vya namba siku hizi, na ni vizuri, lakini bisibisi ile nimewaachia juu ya meza.

Kahawa ilipoanguka, kiwanda kikafungwa, na Mzee Kakule akarudi kwao, huku juu mlimani upande wa Masereka. Nilimfuata kwa sababu sikuwa na pa kwenda, na nikabaki kwa sababu nilimwona Kavugho, ambaye sasa ni mke wangu na ndiye anayenisomea maandishi haya akisema yamezidi urefu. Mzee alikuja na vyuma chakavu lori zima: ekseli ya gari, bomba nene la kukata makombe ya turbini yanayopigwa na maji, alternata ya kuzalisha umeme iliyookolewa kiwandani. Watu walidhani ameamua kuuza skrapa. Yeye alikuwa amekwisha kuuona mto unaoanguka nyuma ya kijiji, na tangu utoto wake maji yale yalimwudhi kwa kupita bure.

Mfereji tuliuchimba kwa salongo, kazi ya pamoja isiyo na malipo. Kila nyumba ilipewa hatua kumi. Wazee wasio na nguvu walipika maharage ya wachimbaji, na sufuria ikahesabiwa kama jembe. Mama Kavira, mjane mwenye akili ya kuogopesha, ndiye aliyeshika daftari la majina. Nyumba zilikuwa mia na kumi na nne, na kila moja ilikuwa na haki ya taa moja, tajiri taa moja, maskini taa moja. Mchana umeme ulisukuma mulini mbili za kusaga mahindi na mihogo. Ulipozidi, Mzee aliupitisha kwenye pipa la maji ili usiunguze taa za watu, na lile pipa likawa linatoa maji ya moto siku nzima. Huku kwetu baridi inauma. Kina mama walikuja kuogesha watoto pale, na mimi, fundi, nililipenda lile pipa kuliko taa zenyewe.

Sasa nifike kwenye manivela. Turbini haizunguki mpaka ufungue vane, ule mlango wa chuma unaozuia maji kichwani mwa mfereji, na vane haifunguki bila manivela, chuma kilichopindwa cha kuizungushia. Chuma hicho hutoka, hubebwa mkononi. Siku ya mkutano wa kwanza, baada ya misa, tukiwa tumewangoja Waprotestanti ambao huimba wimbo wa mwisho mara tatu, Mzee Kakule alisimama nacho akakiinua.

"Mwenye iko na hii manivela, njo mwenye iko na taa," alisema. "Mi sitaki chef wa taa hapa. Tuizungushe mu manyumba. Kila juma, nyumba moja."

Alisema hivyo machozi yakimlenga. Watu walipiga makofi, Mama Kavira akaandika. Tangu hapo kila Jumapili manivela ilihama kwenda nyumba inayofuata kwenye daftari. Asubuhi mwenye zamu alikuja nayo kufungua maji, jioni alifunga, mimi nikisimama pembeni nikiita: robo, nusu, simama. Mwalimu wa shule alitoa hotuba kila alipofungua. Bibi mmoja aliibusu. Papa Katembo, aliyekuwa na ugomvi na jirani wa mashine kuhusu mpaka wa shamba la vitunguu, alilazimika wiki yake nzima kupita kwenye uwanja wa adui wake asubuhi na jioni, na siku ya sita wakasalimiana. Serikali ilikuwa Kinshasa, na wachuuzi wetu walijua njia ya Kampala vizuri kuliko ya Kinshasa. Sisi tulikuwa na daftari, na nilikuwa na furaha kutumikia daftari lile.

Mzee Kakule alikufa kati ya vita ya kwanza ya Kongo na ya pili, kwa homa, kitandani mwake, jambo ambalo miaka ile lilihesabiwa kuwa bahati. Siku mbili kabla, aliniita peke yangu. Chini ya kitanda chake kulikuwa na blanketi kuukuu, na ndani ya blanketi, manivela nyingine. Alikuwa amezifua zote mbili siku moja.

"Batu banapotezaka bintu," aliniambia. "Ficha. Hapana ambia mutu."

Niliichukua nikaiweka chini ya kitanda changu. Nitasema ukweli: nilijisikia nimepewa cheo. Kila Jumapili nilipotazama watu wakikabidhiana chuma kile kwa heshima, kuna sehemu yangu iliyotabasamu. Nakumbuka tabasamu lile na sioni fahari.

Kisha ikaja vita ya pili, na vikundi vikapokezana njia ya Butembo hata tukaacha kujifunza majina yao. Kikundi kimoja kilituletea komanda. Hakuwa mkali kwa sura. Alizungumza Kilingala na Kiswahili vikiwa vimechanganywa, alipenda muziki, na alijiwekea makao kwenye nyumba ya mchuuzi mmoja aliyekimbilia Uganda. Na nyumba ile ilikuwa kwenye daftari. Ilikuwa imechimba hatua zake kumi kama wengine, na miezi mitatu baadaye zamu yake ikafika.

Ninyi vijana mtacheka. Sehemu nyingine yoyote watu wangeiruka nyumba ile kimyakimya. Sisi tuliitisha mkutano.

"Mais mama, mule munalala baaskari!" mwalimu alimwambia Mama Kavira.

"Zamu iko ya nyumba, hayiko ya mutu," alijibu. "Ile nyumba ilichimba. Tukigeuza sheria leo juu ya huyu, kesho tutaigeuza juu ya nani?"

Tukapiga kura kwa mikono, na manivela ikapelekwa kwa komanda, imefungwa kwa kitambaa safi. Nami niliinua mkono. Ilinijia rahisi kuinua, kwa sababu nilijua kilichoko chini ya kitanda changu.

Jumapili ilipofika, Mama Kavira alikwenda kuidai, mimi nyuma yake. Komanda alikuwa ameketi barazani anakunywa chai.

"Chef, zamu yenu imeisha."

"Mama, ya kwangu haijaisha."

"Juma moja iko siku saba, chef."

"Kwangu iko siku yote," alisema, na askari wakacheka. Alikuwa ameelewa ndani ya siku saba kile ambacho sisi tulikikimbia kwa daftari na nyimbo.

Toka siku hiyo maji yalifunguliwa alipotaka. Jioni alifungua kwa ajili ya muziki wake, na mchana mulini zilisimama isipokuwa kama mwenye mahindi angekubali kuacha beseni moja la unga kwa kambi katika kila matatu. Watu walikataa. Kina mama wakaanza kuteremka kwa miguu mpaka Butembo kusaga, mzigo mgongoni na kamba kwenye kipaji cha uso, wakipita barieri mbili, vizuizi vya askari njiani. Na mimi nilikaa kwenye mashine iliyonyamaza, nikifuta vyuma visivyo na vumbi.

Wiki tatu nilikaa hivyo. Nataka muelewe nilichoogopa, maana ndicho kiini cha maandishi haya. Komanda nilimwogopa, ndiyo, kama kila mtu. Lakini niliogopa zaidi uso wa Mama Kavira siku atakapojua. Kuitoa ile manivela ya pili kulikuwa kuwaambia watu wa nyumba mia na kumi na nne kwamba zamu zao zote, tangu ya kwanza, zilikuwa mchezo wa watoto. Kwamba siku zote fundi aliweza kufungua maji bila wao. Na ningemvua nguo Mzee Kakule kaburini, mtu niliyempenda kuliko baba yangu.

Wiki ya nne Kavugho aliteremka Butembo na wenzake, akashikwa kwenye barieri. Walimfanya achote maji ya askari na kufua nguo zao siku nzima, akarudi kesho yake mchana bila mahindi na bila unga, miguu imevimba. Alikaa kwenye kigoda, akanitazama.

"Ile chuma ya chini ya kitanda," alisema, "unaichungia nani?"

Nilikitazama kitanda. "Uliiona siku gani?"

"Tangu Mzee afe mi nafagia chini ya ile kitanda. Ao uliwaza fagio inajitembezaka yenyewe?"

Nilicheka, kisha nikalia, na yeye akaniacha nilie huku akijikanda miguu. Jumapili niliibeba ndani ya gunia mpaka uwanja wa mulini. Watu walipokuwa wamekwisha kukaa, niliitoa nikaiweka chini mbele yao, nikaeleza kila kitu: siku ilipofuliwa, blanketi, kitanda. Papa Katembo aliinama akaishika, akaipima mkononi, akairudisha chini taratibu.

Mama Kavira alifunga daftari lake.

"Kakule alitupenda," alisema. "Mais hakutuaminia."

Kisha akanigeukia.

"Kuko ya tatu?"

"Hapana, mama."

"Kama kuko ya tatu, sema leo. Leo tuko bado bapole."

Niliapa. Wakanitoa uwanjani, nikangoja nyuma ya ukuta na mbuzi. Waliponiita, hukumu ilikuwa tayari: mbuzi mmoja kwa mkutano, na nyumba yangu kufutwa kwenye zamu. Ningeendelea kutunza mashine, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua, lakini manivela isingeingia tena mlangoni mwangu. Ile ya pili wangeizungusha wao, na mimi nisiambiwe iko wapi. Kavugho aliuliza kosa lake yeye ni lipi hata nyumba yake ifutwe. Hakujibiwa, na swali hilo ameniuliza mimi miaka yote iliyofuata.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, nilisikia maji yakishuka ndani ya bomba. Nilikimbia kwenye mashine, nikafanya kazi yangu. Mulini zikaanza kulia. Baada ya nusu saa komanda alikuja mbio, manivela yake mkononi.

"Nani amefungua?"

"Sijue, chef," nilisema, na ilikuwa raha kubwa kusema hivyo bila kuongopa.

Aliwauliza kina mama waliopanga foleni na mahindi yao. "Ni zamu, chef," walisema. Zamu ya nani? "Ni zamu tu." Akapanda mlimani akafunga. Mchana yakafunguliwa tena. Alikamata watu wawili, mwalimu akiwa mmojawao, akawalaza ndani. Wakati wako ndani, maji yalifunguliwa. Siku ya tatu akaweka askari kulinda vane.

Na hapa ndipo nililibariki lile pipa. Askari yule alitoka nchi ya joto, mbali, hakuwa na koti. Kibanda cha mashine kiko mteremko mfupi chini ya vane, na pipa liko ukutani. Lilipokuwa la moto aliketi ameliegemea. Maji yakifungwa, lilipoa, naye akatetemeka. Asubuhi ya nne nilimwona kwa macho yangu mwenyewe akimwona bibi mmoja anakuja na kikapu cha majani ya mihogo, kizito kuliko majani, akageuza uso kutazama migomba mpaka maji yakaanza kushuka. Kisha akarudi kwenye pipa lake. Sikumwuliza jina, na ninajuta.

Ilichukua siku kumi na moja. Askari wa kambini walikuwa wamechoka kwa betri za redio zisizojaa na muziki unaokatika katikati, na nadhani komanda mwenyewe alichoka kupanda mlima na chuma kilichokuwa kimebaki chuma tu. Jumapili, baada ya misa na baada ya wimbo wa mara ya tatu, aliingia uwanjani peke yake. Mwalimu, aliyekuwa ametolewa juzi yake, alishika mkono wa mkewe. Komanda aliweka manivela mbele ya Mama Kavira, akasafisha koo.

"Zamu yangu inarudi siku gani?"

Mama Kavira alifungua daftari, akalowesha kidole, akahesabu polepole ukurasa kwa ukurasa.

"Chef, utangojea miaka mbili na miezi mbili," alisema. "Tulikuwa mia na kumi na ine. Tumetosha moja, ya fundi."

Komanda alicheka, akaenda zake. Mwezi uliofuata kikundi chake kilihama, kikaja kingine, lakini hicho kilitukuta tukiwa na akili zaidi. Manivela ya pili mkutano uliifunga kwa mnyororo kwenye ukuta wa mulini, mahali anapopita kila mtu, na iko pale mpaka leo. Mama Kavira alisema chuma cha pili hakikuwa kosa, maana vitu hupotea kweli. Kosa lilikuwa blanketi.

Ninayaandika haya kwa sababu ya siku moja mwaka huu. Injinia Masika alikuja na vile visanduku vipya vya kuhesabu umeme, vinavyozungumza na simu. Ni binti mwerevu, nampenda kama wangu. Alinionyesha kioo cha simu yake.

"Papa, ona. Nyumba ya Papa Katembo: minaikata. Minairudisha. Na mi niko Butembo, mu bureau, napikia chai."

Nilimpongeza kwa moyo, maana nimepanda mlima ule mvuani mara nyingi mno. Kisha nikamwuliza, "Na hiyo manivela yenu, juma hii inalala kwa nani?"

"Hakuna manivela, Papa. Kuko mot de passe, neno ya siri. Iko na mi, na mwenzangu mumoja wa Beni."

"Na benye walitengeneza ile kisanduku, bo hawana yabo?"

Aliishusha simu. "Sijue, Papa," alisema. Nilimpenda zaidi kwa jibu hilo.

Mimi si mtu wa kutabiri. Lakini naona mabati ya Butembo yakijaa sola, na kila sola ina kufuli inayofungwa kutoka mahali ambapo mwenye nyumba hapajui. Naona ardhi, kura, akiba ya watu, vyote vikielekea ndani ya simu. Mengi ya hayo yatakuwa mazuri. Mtoto wa Luofu atasoma akiwa Luofu, mgonjwa wa Kasugho ataonwa na daktari wa mbali. Ila mtawala wa kesho huenda asije na lori na askari. Huenda akawa fundi mpole, anayependa watu, mwenye kitu ndani ya blanketi kwa ajili ya usalama wao. Nawajua mafundi wa namna hiyo. Mmoja alinifundisha kazi, na mmoja nilikuwa mimi. Kwa hiyo mkiwa na funguo za watu, ziwekeni ukutani, na muwe na daftari, na Mama Kavira wa kulisoma.

Mama Kavira mwenyewe hawezi tena kutembea. Daftari linashikwa na mjukuu wake. Jumapili iliyopita, walipokuwa wameniaga kwa maharage na soda, yule mjukuu alisoma jina la nyumba inayofuata, na lilikuwa la nyumba yangu. Nilidhani amekosea. Kavugho hakudhani, alikuwa amekwisha kusimama kuipokea, mikono miwili, akainamisha kichwa kama kanisani.

Wiki hii manivela iko kwetu. Haiko chini ya kitanda. Kavugho ameiweka mezani kando ya thermos, mlango ukiwa wazi, na kila anayepita njiani anaiona. Jumapili, baada ya misa, nitaibeba kwenda nyumba inayofuata.